Mateso ya Watu Si Vazi la Jukwaani



Kuna desturi iliyoingia katika mashindano ya urembo, nami naiandikia hapa kwa sababu baadhi yenu mnashiriki na wengine mnawasaidia wanaoshiriki. Binti anapojiandikisha hutakiwa kutaja jambo la kijamii atakalolitetea akivikwa taji. Ndipo marafiki huketi pamoja naye na kuulizana: ni jambo gani litakalowagusa waamuzi? Watoto wa mtaani? Wajane? Wagonjwa wa kansa? Amani? Mateso ya watu hutandazwa mbele yake kama vitenge sokoni, na kila kimoja hupimwa kama kitampendeza mvaaji. Nasema wazi kwamba swali hilo ni baya tangu mwanzo wake, na jibu lake, hata likisemwa kwa sauti tamu, halitakuwa jema.

Tutazame kwanza kanuni hiyo ilikotoka. Shindano la Miss World lilianza mwaka 1972 kuunganisha urembo na kazi za hisani. Kule Marekani, shindano la Miss America lilizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Atlantic City, likakaa miaka mingi bila kumdai mshindani jambo la kutetea. Kisha taji la mwaka 1988 likamwendea Kaye Lani Rae Rafko, muuguzi kutoka jimbo la Michigan. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema juu ya kazi ya uuguzi na juu ya kuwatunza wagonjwa ambao hawatapona tena, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyajua. Mfano wake ulichangia kuleta badiliko: mwaka 1989 iliamuliwa kwamba kila mshindani awe na jambo lake la kijamii.

Angalieni vizuri mpango wa mambo hayo. Kwa muuguzi yule, wagonjwa walitangulia na taji likafuata. Kanuni ilitamani kupata wengine kama yeye, lakini karatasi ya kujiandikisha haiwezi kumpa mtu usiku aliokesha kando ya kitanda cha mgonjwa. Inampa nafasi tupu ya kujaza, na nafasi tupu hujazwa kwa neno lolote linalopendeza.

Hapa kwetu pia tunao mashahidi. Daktari Denis Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, alikusudia kuwasaidia akina mama wasife katika kujifungua. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Daktari hakulitafuta jambo hilo. Lilimkuta kazini, naye hakuligeuzia mgongo, miaka mingi kabla ya Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018. Sista Angélique Namaika wa Dungu alikimbia vita yeye mwenyewe mwaka 2009, akaendelea kuwafundisha wanawake waliofukuzwa makwao kusoma, kushona na kuoka mikate. Tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa ajili ya wakimbizi, ilimfikia mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hutambua upesi mwanafunzi aliyekariri na aliyeelewa. Mwulize swali moja nje ya daftari. Binti asemaye anatetea elimu, na aulizwe: masomo ya shule ya msingi ya serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, mbona yule mtoto wa jirani yako yuko nyumbani saa nne asubuhi? Ni daftari? Ni sare? Ni mdogo wake anayemlea? Akijua, na asimame jukwaani kwa ujasiri. Asipojua, hotuba yake ni ya kukariri, na anayekaririwa ni mtoto wa mtu.

Wapo wanaonijibu: nia iwe yoyote, maskini anapata sabuni na unga. Jibu hilo halinitoshi. Maskini huyo hupigwa picha akipokea, bila kuulizwa kama anakubali uso wake uonekane. Mwaka unaofuata malkia mpya huja na jambo jipya, na yule wa kwanza husahaulika. Aliyetembelewa mara moja kwa ajili ya picha amejifunza kwamba shida yake ina thamani siku ya picha tu. Huo si msaada mdogo. Ni dharau iliyofungwa pamoja na zawadi.

Wengine husema afadhali binti zetu wasikanyage jukwaa hilo kabisa. Leo sigombani juu ya hilo. Muuguzi wa Michigan anaonyesha kwamba jukwaa linaweza kubeba neno la kweli, iwapo anayelisimamia amelitoa kazini mwake.

Basi binti afanye nini? Asitafute neno kubwa. Atazame mtaa wake. Nitataja jambo moja dogo. Sheria ya nchi yetu inataka mtoto aandikishwe serikalini ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Siku hizo zikipita, wazazi hulazimika kutafuta hukumu ya mahakama, pamoja na gharama na safari zake, na wengi huacha. Mtoto hukua bila cheti. Kijana anayejua kusoma anaweza kumkumbusha mama aliyejifungua juzi, kuhesabu siku pamoja naye na kumsindikiza ofisini. Kazi hiyo haihitaji taji. Aliyewasindikiza akina mama kumi atajua foleni ilivyo, karatasi gani hudaiwa na kwa nini mama mmoja alirudi nyumbani akilia. Akiulizwa na waamuzi, hatakosa la kusema.

Nanyi marafiki mnaomsaidia, acheni kumwuliza atachagua jambo gani. Mwulizeni mambo matatu: Ulikuwa wapi kabla ya shindano? Nani kati ya watu hao anakujua kwa jina? Taji likienda kwa mwingine Jumamosi, Jumatatu utarudi kwao? Akishindwa kujibu, mwambieni kwa upole aiache ile nafasi tupu kwanza, aende kwao, kisha ajiandikishe mwaka ujao. Na kama katika mwaka huo kazi itamnogea hata asahau shindano, msimhesabu kuwa ameshindwa.