Musitufungie mazuku mu gari

Hapa Goma hakuna mutu mwenye anangojea kufundishwa mazuku ni nini. Kuelekea Mugunga na Bulengo, mupaka karibu na Sake, ile hewa ya volkano inalala mu mabonde. Mbuzi anashuka kula majani na harudi. Sisi wachimbaji tunaiheshimu kuliko giza, kwa sababu hata mu shimo tumeona hewa yenye haina rangi wala harufu inavyolaza mwanaume mwenye nguvu.

Leo lakini hatuandike juu ya shimo. Tunaandika juu ya gari yenye inatupeleka ku shimo, na juu ya kitu kidogo sawa kidole chenye kinafungwa ku bomba ya moshi. Mafundi wanaita sonda lambda, ao sonda ya oksijeni.

Jeep yenye inabeba watu wa sendika yetu kupanda Masisi ilizaliwa na moteri ya mazutu. Ile ilikufa. Mwenye gari akaweka moteri ya esanse yenye ilitoka ku gari ingine, pamoja na kalkilatere yake, na bomba ya moshi yenye ilitengenezwa na watu wa sude hapa hapa mu muji. Hatumulaumu kwa ile. Mu Goma, gari yenye moyo wa kuazima ni gari ya kawaida.

Kisha taa ya moteri ikawaka mbele ya shofere. Garaji moja ikasema: sonda imekufa. Tukachanga dola 45. Nyuma ya wiki mbili taa ikarudi. Sonda ya pili ikanunuliwa, na ile pesa ikakatwa ku mushahara wa shofere, eti anaendesha vibaya. Taa ikarudi tena. Sonda ya tatu, vilevile. Mwisho mekanisie akatoa balbu ya ile taa, akafuta mikono, akasema: «Sasa iko muzuri.»

Siku moja tulikuwa tunateremuka kutoka Mushaki. Mvua ilikuwa nyingi, shiti imefungwa nyuma kabisa, sisi 6 pamoja na mama mumoja mwenye kusafisha madini. Mbele ya kufika Sake kichwa kilikuwa kinatupiga sote. Mama akatapika. Kijana mumoja akalala na hatukuweza kumwamusha vizuri mupaka tulipomushusha ku barabara, mvua ikamupiga mu uso. Watu wenye walipita pale walicheka, wakasema tumelewa kasiksi. Hakuna mutu mu ile gari mwenye alikuwa amekunywa hata kikombe.

Tulimutafuta muzee mumoja fundi kule Birere, mwenye ametumika ku moteri tangu mbele ya volkano ya 2002. Alisikiliza moteri ikiwa baridi, asubuhi, akaweka mukono karibu na bomba. «Bandugu, si sonda njo inakufa. Sonda iko shahidi tu. Munabadilisha shahidi kila wiki, mwizi iko hapa.»

Wengi wetu tunalipa bila kujua tunalipia nini, kwa hiyo tueleze. Sonda inaonja moshi. Inalinganisha oksijeni yenye imebakia mu moshi na oksijeni ya hewa ya inje, na inatoa umeme kidogo sana: karibu volti 0,9 kama esanse imezidi, karibu volti 0,1 kama hewa imezidi. Kalkilatere inasoma, inapunguza ao inaongeza esanse, ili kila kilo 1 ya esanse ipate kilo 14,7 hivi za hewa. Ikiwa na moto ya kutosha, kupita digri 300, sonda nzima inapanda na kushuka bila kupumzika. Fundi mwenye iko na kipimo cha volti anaweza kuona ile mbele ya kuuzisha mutu kitu kipya.

Bomba yetu ilikuwa na tundu pale kipande cha Goma kinakutana na kipande cha Japani, mbele ya sonda. Pale moshi unatoka, na hewa ya inje inaingia. Sonda inaonja ile hewa, inasema kwa ukweli wake wote: oksijeni ni mingi. Kalkilatere inaongeza esanse. Moshi unakuwa mweusi, esanse inaisha njiani, na monoksidi ya kaboni inaongezeka. Ile gazi haina harufu, na inashika mu damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Inatoka kwa tundu chini ya sakafu, inapanda kwetu nyuma ya shiti. Mazuku ya mutu.

Muzee hakuishia pale. Kikombe chenye sonda inafungwa ndani kilikuwa kimeunganishwa chini ya bomba, na maji ya moshi yalikuwa yanalala ku sonda. Inapaswa kukaa upande wa juu, imeinama kidogo. Waya 4 pia zilikuwa zimeunganishwa kwa kufuata rangi. Lakini rangi si sawa kila mahali! Ku sonda za Bosch, nyeupe 2 ni za kupasha moto, nyeusi inaleta ujumbe, kijivu ni masi. Ku Denso, zenye ziko mu Toyota mingi, nyeusi 2 njo za moto, bluu ni ujumbe, nyeupe ni masi. Mwenye kufunga nyeusi na nyeusi anaweza kutuma volti 12 za batri mahali penye panangojea volti 1. Na ile silikoni yenye watu wanapaka kila mahali, mvuke wake unaua sonda.

Tunajua kuna magari mingi ya mazutu ya zamani yenye hayana kabisa hii sonda. Hayo si habari ya leo. Tunajua tena wenye magari watasema barabara ni mbaya, vipande ni bei kali, esanse ya kadhafi mara ingine imechanganywa na petroli ya taa. Yote ni kweli. Lakini tundu la bomba linafungwa na fundi wa sude kwa saa moja, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya sonda moja.

Mu mashimo yetu tulikubaliana kwamba hakuna mutu kushusha motopompe ya esanse chini, hata maji yakijaa. Tulipoteza siku za kazi, watu walinung'unika, lakini tulishikilia. Kwa gari tunaomba vilevile. Garaji isiuze sonda mbele ya kusikiliza bomba. Taa ikiwaka, mutu asitoe balbu. Na mwenye gari njo alipe, si shofere: sheria ya kazi ya 2002 ya inchi yetu inazungumuza wazi juu ya afya na usalama wa mutumikaji, na sisi tunasema mutumikaji mwenye iko njiani ya kwenda kazi naye anapumua.

Jeep yetu inatembea. Bomba imefungwa, sonda ni ya 4, imekaa juu, na balbu imerudishwa mahali pake. Ile mama alipona, amerudi ku kazi, lakini anakaa tu pembeni ya shiti na anaifungua kidogo hata kama mvua inamulowanisha. Shofere bado anangojea dola 45 zake.