Mtoto Akileta Viluwiluwi Nyumbani, Msimfokee



Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanafunzi mmoja wa sekondari katika jimbo la Connecticut, Marekani, alifanya mradi wa sayansi juu ya mbu. Hakutumia dawa yoyote. Aliwapigia viluwiluwi majini sauti nyembamba sana, wakafa. Mradi ule wa shule ndio uliozaa kifaa kiitwacho Larvasonic.

Kwa nini wafe? Kiluwiluwi huishi majini lakini huvuta hewa ya juu, na hewa hiyo hupita katika mirija iliyomo mwilini mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Scientific Reports ulieleza kuwa sauti hiyo huipasua mirija, hewa ikamwagika ndani ya mwili.

(Msichanganye na vile vifaa vya umeme na programu za simu zinazodaiwa kufukuza mbu wakubwa kwa sauti. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2007 yaliangalia majaribio 10, na mbu walitua kwa watu vilevile. Msipoteze pesa.)

Linaloniuma ni hili. Huko kwao hofu ilikuwa virusi vya West Nile, vilivyoingia New York mwaka 1999. Sisi tuna malaria: zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 vya malaria duniani ni vya Afrika, na wengi ni watoto wasiofika miaka 5. Basi mbona swali halikutoka kwetu?

Wanafunzi wangu wanaihifadhi aya ya 26 ya Suratul Baqara, ambamo mbu ametajwa kuwa mfano. Waulize mbu anazaliwa wapi, wengi watakwambia kwenye majani. Na yule mmoja anayeleta kopo la viluwiluwi nyumbani hufokewa: "Tupa uchafu huo!" Siku hiyo swali lake limekufa.

Kifaa cha Marekani hatuna, lakini chupa tunazo. Nimewaambia wanafunzi wachote maji yenye viluwiluwi, wafunge mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua kisichotoboka, wahesabu siku mpaka mbu watoke. Mara nyingi haifiki wiki mbili. Hapo mtoto ataelewa mwenyewe kwa nini pipa la maji ya udhu lioshwe kila wiki na kufunikwa.

Wazazi, chupa isifunguliwe mbu wakishatoka. Iwekwe juani mpaka wafe. Daftari za hesabu ya siku nitazipokea Jumamosi, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.