Mzee asiishie dirishani

Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitalini kuna dirisha la wazee. Dawa zisipokuwepo, dirisha hilo halimsaidii mtu.

Linalotuuma zaidi ni ukosefu wa elimu ya afya. Bibi mwenye shinikizo la damu huacha vidonge akijisikia nafuu, kwa kuwa hakuna aliyeketi naye kumweleza kwamba ugonjwa huo huua kimya kimya. Wahudumu wa afya ya jamii wamfuate nyumbani, wampime, wazungumze pia na mjukuu anayempikia. Chumvi, inayopandisha shinikizo hilo, iko mikononi mwa mjukuu huyo. Na pensheni ya wote ifike Bara: mkulima wa korosho wa Newala naye amezeeka.