PhD sio mwisho wa shule, acheni kuwageuza watafiti vibarua

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafteria. Nina dukuduku moja la siku nyingi, na najua wapo watakaonuna.

Juzi hapa Mkonze ulizuka ubishi getoni kwetu. Mshikaji mmoja akasema: "Mtu ana PhD tayari, anataka kuendelezwa nini tena? Apige kazi!" Wengi wakaunga mkono. Mimi nasema hapana, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Kwetu Bongo ukimaliza PhD njia iliyozoeleka ni kuingia darasani: unabebeshwa makozi, mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wa kuwasimamia. Lakini wapo wanaokwenda kwenye maabara na taasisi za utafiti kwa mkataba wa miaka miwili mitatu. Huko nje wanaitwa postdoc, mimi nitawaita mapostidoki. Postidoki sio mwanafunzi tena na bado sio bosi. Yuko katikati, na akitoka hapo anatakiwa aweze kuongoza utafiti wake mwenyewe: aandike andiko la kuomba fedha, asimamie bajeti na watu, achapishe makala kwa jina lake, akae na watu wa wizara awaeleze matokeo wakaelewa. Hayo PhD haikufundishi, jamani. PhD inakufundisha kulijibu swali moja kwa kina. Kuendesha maabara ni kazi nyingine kabisa.

Sasa tazama kinachotokea. Namjua kaka mmoja, maabara yake siitaji. Mwaka wa kwanza aliandika ripoti za bosi, akaandaa semina za bosi, akasimamia wanafunzi wa bosi. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Fedha za mradi zikaisha, mkataba ukaisha, akaambiwa asante kwa kazi nzuri. Hana hata andiko moja la fedha lenye jina lake. Huyo ameendelezwa au ametumika? Tofauti yake na kibarua wa saiti ni joho tu.

Na msiniambie mambo haya ni ya Wazungu, Afrika hayawezekani. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha icipe pale Nairobi, kituo cha kutafiti wadudu. Hakuishia kujenga maabara. Mwaka 1983 kituo hicho kilianza ARPPIS, mpango wa kuwasomesha wanasayansi wa Kiafrika kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika. Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wako pamoja tangu 1989, wana mpango wa IDeAL unaomshika mtu tangu akiwa ametoka tu digrii ya kwanza mpaka amalize PhD na kuendelea. Na hapa hapa kwetu, Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, ya Rudolf Geigy. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ni yetu, na Waafrika wanaongoza tafiti za malaria zinazosomwa dunia nzima. Hadubini peke yake isingeleta hayo. Kuna watu walilelewa miaka na miaka mpaka wakaweza kushika usukani.

Uingereza wao wameliandika kabisa. Makubaliano yao ya mwaka 2019 kuhusu maendeleo ya watafiti yanataka kila mtafiti apewe angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza. Siku 10 tu! Kwenye mwaka wenye siku 365, maabara inashindwa vipi kumwachia mtu siku 10?

Najua majibu yenu. La kwanza: "Fedha hakuna." Ni kweli fedha ni tatizo. Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika walikaa Addis Ababa wakahimiza kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na Tanzania bado hatujafika hapo. Hilo tuidai serikali bila kuona haya. Lakini kumwingiza postidoki kwenye kikao cha bajeti kunagharimu shilingi ngapi? Kumwacha awe mwandishi wa kwanza wa makala aliyoifanyia kazi yeye? Kukaa naye saa moja kila baada ya miezi mitatu na kumuuliza anataka kufika wapi? Hapo kinachokosekana ni utashi.

Jibu la pili: "Ukimwendeleza ataondoka." Wadau, huyu mtu ana mkataba wa miaka miwili, ataondoka tu! Swali ni ataondoka akiwa nani. Akitoka akiwa anaweza kuongoza, akaenda kutafiti zabibu Makutupora au mifugo Mpwapwa, au akaja kutufundisha hapa Dodoma, nchi imepoteza nini? Lakini akitoka mikono mitupu, atatafuta maabara ya ng'ambo itakayomjali, na huko hatarudi. Halafu tunaitana kwenye makongamano kulia kwamba wasomi wanakimbia.

Ninachodai ni kidogo. Kila postidoki awe na mpango wake wa maandishi, uliosainiwa na yeye na bosi. Apewe siku zake za kujifunza, ziandikwe kwenye mkataba. Awe na mlezi mwingine nje ya maabara yake, asiyemwogopa. Na kabla mkataba haujaisha awe ameandika andiko moja la fedha kwa jina lake, hata likikataliwa. Wanaotoa fedha za miradi nao waulize: watu mliowaajiri wako wapi sasa? Wasiishie kuhesabu makala.

Mtasema haya yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na supu na kukeri. Yanatuhusu sana. Anayekusimamia projekti ya mwaka wa tatu mara nyingi ni mtu wa aina hii. Kama yeye hakufundishwa kusimamia, atakusimamia vipi wewe? Na humu getoni wapo wawili watatu wenye vichwa vya kufika huko. Sitaki wasome miaka ishirini na ushee halafu waishie kupanga chai ya semina ya mtu.

Anayebisha aje na hoja, matusi abaki nayo. Tuko pamoja.