Kama Upendo Unatosha, Kuta za Nini?

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Mikocheni, mhubiri alisema Tanzania haihitaji tume wala mahakama za kuwalinda watu wa makundi madogo. Sisi ni ndugu, alisema, na upendo wetu unatosha. Waumini wakaitikia amina. Hasira niliyotoka nayo pale haijaniisha mpaka leo.

Kama upendo unatosha, mbona Mikocheni nzima ni kuta? Pita Rose Garden, pita Kwa Warioba: ukuta, juu yake nyaya za umeme, getini mlinzi, uani mbwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeacha televisheni yake ilindwe na upendo wa jirani. Lakini mtoto mwenye ualbino kule kijijini, huyo ndiye tunataka upendo umlinde.

Upendo upi? Mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana wiki kadhaa baadaye, umekatwa viungo. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba yake mzazi, na alikuwamo padri. Udugu na dini, ndivyo hivyo hivyo alivyotuhubiria huyu wa Mikocheni.

Machozi nayo tulishayatoa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na naamini alilia kwa uchungu wa kweli. Miaka kumi na mitano baadaye tukamzika mtoto wa Muleba.

Tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, tena imo ndani ya Katiba. Ibara ya 130 inasema haitalazimika kufuata amri ya mtu yeyote, kisha ibara hiyo hiyo inamwachia Rais nafasi ya kuielekeza akiona maslahi ya taifa yanataka hivyo. Ikichunguza, inaishia kupendekeza. Wanakijiji wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walichomewa nyumba na kufukuzwa mwaka 2001. Tume ikawasikiliza, na mwaka 2004 ikataka walipwe fidia. Serikali ikakataa, na watu waliokwisha kushinda wakaanza upya kuhangaika na kesi mahakamani. Halafu kati ya 2018 na 2019 Tume ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila mwenyekiti wala makamishna. Nani hapa Mikocheni angekubali kukaa mwaka mzima bila mlinzi getini? Angelala hoteli siku ya pili.

Wapo wanaosema haki za wachache ni mambo ya Wazungu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mwaka 1966, chini ya Mwalimu Nyerere, nchi hii iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ili raia apate pa kumshtaki kiongozi anayemwonea, wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na chombo cha namna hiyo. Anayesema tumeletewa hajui historia ya kwao. Na kipaza sauti alichokishika mhubiri kilitoka ng'ambo pia, sikuona akikitupa.

Linaloniuma kuliko yote ni la Arusha. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kesi kuhusu watu wenye ualbino ilinusurika kwa sababu ilikuwa imeshafunguliwa mwaka 2018, na Februari 2025 Mahakama ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Mama wa mtoto atakayenyakuliwa kesho hana njia hiyo. Mahakama iko Arusha, humu humu nchini mwake, na mlango amefungiwa na serikali yake mwenyewe.

Bunge liifute ile nafasi ya Rais kuielekeza Tume, na liyape mapendekezo yake nguvu ya hukumu. Najua hilo litachukua muda. Kulirudisha tamko hakuhitaji muda, mfadhili wala semina: ni barua moja ya serikali kwenda Umoja wa Afrika, Addis Ababa, na inaweza kuandikwa wiki hii.