Umri wa Liyongo na Umri wa Mashairi Yake

Muumini wa Sugoi afunguapo Biblia ya Union Version hukuta Mwanzo kikiitwa kitabu cha kwanza cha Musa. Hata hivyo, sura ya 34 ya Kumbukumbu la Torati inasimulia kifo cha Musa huyo huyo. Tangu Julius Wellhausen alipochapisha utafiti wake mwaka 1878, wahakiki wengi wa Biblia wamekataa kulichukua jina la shujaa kuwa ushahidi wa utunzi.

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili bado unauonea haya ukali huo. Fumo Liyongo huwekwa karne ya 12 na baadhi ya wataalamu, na karne ya 16 na wengine. Kisha tungo zinazonasibishwa naye hupewa umri uleule, kana kwamba mtu, utungo na muswada vilizaliwa siku moja. Utendi mashuhuri unaosimulia kuchomwa kwake kitovuni uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Huo ni ushahidi mzuri wa jinsi Lamu ilivyomkumbuka Liyongo. Si cheti chake cha kuzaliwa. Takhmisi ya Liyongo nayo ina mikono miwili kwa mujibu wa mapokeo yenyewe: Sayyid Abdalla bin Nasir aliongeza mishororo mitatu katika kila ubeti. Nani basi aliyepima umri wa ile miwili iliyosalia?

Wapo pia wanaokimbilia ncha ya pili, wakidai kuwa pasipo muswada hapakuwa na ushairi. Dai hili ni dhaifu zaidi. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na bahari yake imekwisha kukomaa; utanzu hauzaliwi na ndevu. Isitoshe, magombo yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947 yalirudisha nyuma ushahidi wa maandishi ya Biblia ya Kiebrania kwa takriban miaka elfu moja.

Hubaki hoja ya lugha, ngome ya mwisho ya watetezi wa ukale: kwamba Kingozi kinathibitisha umri. Lakini Kingozi kilikuwa pia pambo la washairi. Mtunzi wa karne ya 19 aliyelelewa kwa kughani Hamziya aliweza kuandika kikale alipotaka, kama aandikavyo leo mshairi yeyote wa Lamu aliye hodari.