Uteuzi wa Vitabu vya Historia kwa Wasomaji Vijana: Haja ya Kigezo cha Ushahidi

1.0 Utangulizi

Suala la kuamua ni vitabu gani vya historia wanafunzi wapewe darasani si geni katika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, aghalabu mjadala wake umejikita katika mambo mawili: wepesi wa lugha na uzalendo wa maudhui. Kitabu husifiwa kwa kuwa kinasomeka, au kwa kuwa kinamtukuza shujaa anayestahili kutukuzwa. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayatoshi. Kitabu chaweza kuwa chepesi na cha kizalendo, na bado kikamfunza kijana kwamba historia ni habari zilizokwisha kuamuliwa na watu wengine, na kwamba kazi yake yeye ni kuzikariri.

Makala haya yanatetea kigezo cha tatu, ambacho kinastahili kutangulia hivyo viwili. Kitabu cha historia kinachomfaa kijana ni kile kinachomwonyesha msomaji wake namna kilivyoyajua hayo kinayoyasema. Suala hili limepata uzito mpya nchini Tanzania tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilipoingizwa katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023. Somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo haja ya vitabu vya ziada katika lugha hiyo ni kubwa. Vitakavyoteuliwa sasa ndivyo vitakavyojenga mazoea ya usomaji ya kizazi kizima.

2.0 Kilichotokea na Kilichobuniwa

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ni mfano mzuri wa tatizo lenyewe. Wanafunzi wengi humjua kiongozi wa Ngarambe kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kabla ya kumjua kupitia historia. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, na kwamba hapaswi kuchukuliwa kuwa sawasawa na Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mnamo Agosti 1905. Mtunzi wa tamthilia ana haki ya kubuni, na Hussein aliitumia haki hiyo kwa uwazi. Kasoro hutokea pale kitabu kinachojiita cha historia kinapompa Kinjikitile hotuba ndefu, mashaka ya moyoni na maneno ya mwisho, bila kumwambia msomaji kwamba hayo yamebuniwa. Kijana anayesoma kitabu cha aina hiyo hana njia ya kutenganisha kilichotokea na kilichopambwa.

Vivyo hivyo kuhusu takwimu. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalitaja vifo vipatavyo 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuatia kuchomwa kwa mashamba na maghala. Kitabu kinachotaja idadi moja tu, bila kueleza ni nani aliyeihesabu na kwa njia gani, kimemnyima msomaji swali muhimu kuliko yote katika taaluma hii. Kinyume chake, kitabu kinachoziweka idadi zote mbili mbele yake, na kumweleza kwa nini dola iliyoshinda ilikuwa na sababu ya kuhesabu wachache, kimemfunza kufikiri. Somo hilo halihitaji lugha ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza analimudu, maana hata nyumbani kwao anajua kwamba waliogombana hawasimulii ugomvi kwa namna moja.

3.0 Mashahidi Wasiokubaliana

Kigezo hiki kina matokeo ambayo huenda yakawashangaza baadhi ya walimu: kinaruhusu darasani vitabu vyenye upendeleo wa wazi. Historia ya utumwa katika pwani inathibitisha jambo hilo.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maandishi mawili ya mwanzo yanayoitazama biashara hiyo kutoka pande tofauti. La kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, lililochapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo mfanyabiashara huyo anasimulia mwenyewe safari zake, pembe zake za ndovu na vita vyake bara. La pili ni Uhuru wa Watumwa la James Mbotela, lililochapwa mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru ya Frere Town, karibu na Mombasa, na kitabu chake kinawashukuru mno Waingereza.

Kila kimoja, kikisomwa peke yake, kinapotosha. Katika simulizi ya Tippu Tip fahari ya msimulizi imetanda kiasi kwamba waliobeba mizigo yake aghalabu hawana majina. Katika kitabu cha Mbotela wema wa mkombozi unafunika maslahi yake. Wapo wanaopendekeza kwamba kwa sababu hiyo vyote viwili viwekwe kando, na wanafunzi wapewe muhtasari safi ulioandaliwa na wataalamu. Pendekezo hilo lina nia njema, lakini linaondoa ushahidi na kuacha hukumu peke yake. Ni afadhali vijana wavisome vyote viwili sambamba, kisha waulizwe: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na visiwa vikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, je, kwa nini utumwa ulitambuliwa na sheria huko mpaka mwaka 1897? Swali hilo moja linaitikisa shukrani ya Mbotela bila kumvunjia heshima, kwani uchungu anaousimulia unabaki kuwa kweli.

4.0 Pingamizi

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kijana akipewa mashahidi wanaopingana atachanganyikiwa, au ataamini kwamba hakuna ukweli. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu mwalimu anahitajika. Kupingana kwa mashahidi hakufuti tukio: hakuna kati ya waliokadiria vifo vya Maji Maji aliyesema kwamba watu hawakufa. Kijana anayefunzwa kupima ushahidi mapema hatayumbishwa baadaye na kila anayezungumza kwa sauti kubwa.

Ya pili ni uhaba. Vitabu vingi vya aina hii ni adimu madukani, madarasa yana wanafunzi wengi, na mitihani ina haraka yake. Pingamizi hii ni nzito zaidi kuliko ile ya kwanza, lakini haidai kitabu kizima kwa kila mwanafunzi. Kurasa mbili za Tippu Tip na mbili za Mbotela, zikisomwa kwa makini na kujadiliwa, zina faida kuliko sura kumi za muhtasari. Idara za Kiswahili na za Historia katika vyuo vikuu zina wajibu hapa: kuandaa matoleo mafupi ya maandishi hayo, yenye maelezo ya msamiati na ya mazingira yake, kwa ajili ya shule.

5.0 Hitimisho

Mwalimu anayeteua kitabu cha historia hana budi kukiuliza maswali matatu: kimejuaje kinayoyasema, kimebuni wapi, na ni nani asiyesikika humo? Kitabu kisichoweza kujibu swali la kwanza hakifai kuwa cha historia darasani, hata lugha yake ikiwa tamu namna gani na shujaa wake akiwa mkubwa kiasi gani. Kinachojibu maswali yote matatu ni nadra. Kinachojibu la kwanza kwa uaminifu, japo kimeelemea upande mmoja, kipewe nafasi rafuni, na pembeni yake kiwekwe kingine kinachokipinga.